Ngozi ya mtoto inatoka kijivu au njano kwenye picha za arobaini: tatizo ni kamera, taa au nini?

#1 Mwandiga_Kwetu
Habari wakuu. Napiga picha za watoto na shughuli za familia hapa Kigoma, zaidi arobaini, akika na ubatizo. Kamera ni Canon 1300D, lensi mbili: ile 18-55 inayokuja nayo na 50 ya f/1.8 (f ni tundu la lensi, namba ndogo ni tundu kubwa). Kinachonishinda ni ngozi ya mtoto. Ndani ya nyumba mashavu yanatoka njano yenye ukijani, halafu paji la uso na pua vinakuwa kijivu kama majivu ya mkaa. Mama aliye kando yake katoka vizuri kwenye picha hiyohiyo. Waiti balansi (mpangilio wa rangi ya mwanga) iko oto, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) oto, modi ya P, kamera inajipangia. Nje chini ya mwembe njano inapungua lakini kijivu kinabaki palepale. Nikiipunguza njano kwenye simu, mtoto anageuka zambarau. Chanzo ni nini, na nianzie wapi?

#2 BatiJekundu
Zima taa mkuu, mengine baadaye. Hapo una mianga miwili ya rangi tofauti ndani ya chumba kimoja. Mwanga wa dirishani mchana uko kama 5500K (K, Kelvin, ni kipimo cha rangi ya mwanga, namba ndogo ni njano zaidi), taa ya njano ya sebuleni iko 2700 mpaka 3000K. Kamera ikiwa oto inachukua wastani wa yote mawili, kwa hiyo upande wa dirisha unakuwa na ubluu na upande wa taa unakuwa njano. Ndiyo maana ukiitoa njano anageuka zambarau: unasahihisha shavu moja na kuliharibu la pili. Hakuna programu itakayokutenganishia hayo kwa kitufe kimoja.

Na angalia dirisha lenyewe. Siku hizi nyumba nyingi za mitaa ya Gungu na Mwanga, Kigoma, zina madirisha ya aluminiamu yenye vioo vya tinti, vya bluu, kijani au kahawia. Kioo hicho ni kichujio cha rangi. Kifungue, piga na mwanga unaopita kwenye nyavu tu.

#3 FundiLensi_Tabora
Taa ni kweli, lakini kijivu alichosema kinatokea mpaka nje chini ya mti, na huko hakuna taa. Mimi nasema kijivu ni mwanga mdogo tu: picha ni nyeusi kuliko inavyotakiwa, halafu simu inajaribu kuinua.

Ni hivi. Mita ya kamera, ile inayopima mwanga, inadhani kila kinachoonekana mbele yake kwa wastani ni kijivu cha asilimia 18. Mtoto wa arobaini anafungwaje? Shali nyeupe, kofia nyeupe, shuka jeupe. Fremu nzima ni nyeupe, kwa hiyo mita inasema "huu mwanga umezidi" na inapunguza. Shali inatoka kijivu, na uso wa mtoto unazama. Fidia ya mwanga (kitufe cha +/-, kinachoongeza au kupunguza mwanga) isogeze hadi +1, na kama nyeupe imejaa fremu yote nenda +1 na theluthi 2. Kinyume chake mama akiwa na baibui jeusi lililojaa fremu, shuka hadi -2/3, la sivyo uso utaungua.

Njia ya uhakika zaidi ni kiganja. Viganja vya watu havitofautiani sana, awe mweusi au maji ya kunde. Weka kiganja chako palepale penye uso wa mtoto, kielekee kamera, pima kwa mita ya nukta, inayosoma kidoa kidogo tu cha katikati, kisha ongeza stopu 1, yaani mwanga mara mbili. Hamia modi ya M, unayopanga mwenyewe, funga hapo.

#4 Karabai
Uzi huu bila picha tutabishana hadi dagaa waanike wenyewe. Weka picha mkuu, funika uso wa mama ukipenda.

#5 Mwandiga_Kwetu
Picha ya mtoto siweki, sijaomba ruhusa ya wazazi kuileta huku. Naieleza. Mtoto amelala kitandani kwenye shuka jeupe, shali nyeupe ya kufuma. Chandarua cha bluu kimekunjwa juu ya kichwa chake, kinaning'inia kama nusu mita. Ukuta ni kijani kibichi cha rangi ya mafuta, mpaka usawa wa kifua. Dirisha liko kushoto, taa ya enaji seva inawaka katikati ya chumba. ISO imepanda mpaka 3200, shata (muda wa kupokea mwanga) 1/60 ya sekunde, f/5.6. Ukikuza picha, penye kijivu pana chengachenga na vinyweleo vya malaika kwenye paji havionekani kabisa. Penye njano vinaonekana kimoja kimoja.

#6 Neti_na_Ukuta
Jibu umelitoa mwenyewe kwenye #5. Ukuta wa kijani unarudisha mwanga wa kijani kwenye shavu lililo upande wake. Chandarua cha bluu juu ya kichwa kinashusha bluu kwenye paji la uso na pua. Ngozi ya kahawia ni rangi ya chungwa iliyokolea. Ukiimwagia bluu kidogo inafutika, kinachobaki ni kijivu. Mama hakupatwa na hayo kwa sababu kichwa chake kilikuwa nje ya chandarua na mbali na ukuta.

Toa chandarua kabisa, usikikunje tu. Tandika shuka jeupe ukutani, hata kwa pini za nguo. Sogeza kitanda nusu mita kutoka ukutani.

#7 FundiLensi_Tabora
Neti_na_Ukuta, la ukuta nakubali. Ila penye chengachenga ndipo penye kijivu, na malaika hawaonekani. Hiyo ni dalili ya giza lililoinuliwa. Rangi ya chandarua haifuti vinyweleo. ISO 3200 kwenye ile kamera ikiinuliwa stopu 1 zaidi kwenye simu, rangi inakufa yenyewe.

#8 NesiKasulu
Naomba nami niseme, kwa sababu mnamzungumzia mtoto kama vile ni ukuta.

Kwanza poda. Watoto wengi wa arobaini wanapakwa poda shingoni, kifuani na usoni kabla ya picha. Kwenye ngozi ya kahawia poda ni kijivu kitupu, na inakaa hasa kwenye paji na pua, penye jasho. Macho yenu yameizoea, kamera haijaizoea. Futa kwa kitambaa laini chenye maji ya vuguvugu, kausha, subiri dakika 5. Na poda yenyewe haifai kupulizwa karibu na pua ya mtoto mchanga, anaivuta. Mafuta nayo: yakiwa mengi uso unang'aa madoa meupe, akipakwa mawese, rangi yake ya chungwa inabaki kwenye ngozi na kwenye shali.

Pili, mtoto mchanga ana rangi zake. Siku za mwanzo viganja na nyayo huwa na ubluu. Wiki ya kwanza na ya pili ngozi inabanduka. Wengi wa kwetu wanazaliwa weupe kidogo kisha wanakoza ndani ya wiki kadhaa, masikio yakitangulia, kwa hiyo si lazima afanane na mama yake. Wengine wana mabaka ya bluu-kijivu mgongoni na matakoni, ni ya kuzaliwa. Msiyafute kwenye picha kana kwamba ni majeraha, na msimuulize mama kwa sauti kampiga na nini.

Tatu, na hili ndilo kubwa: njano. Umanjano wa kawaida wa mtoto mchanga huanza siku ya 2 au ya 3 na kwa mtoto aliyetimiza miezi huisha ndani ya wiki 2. Arobaini ni siku ya 40. Mtoto wa siku 40 ambaye bado ni wa njano anatakiwa kuonwa na daktari, hata kama ananyonya vizuri. Kwenye ngozi nyeusi hauonekani kirahisi mashavuni. Angalia weupe wa macho na fizi, mchana, karibu na dirisha, taa zikiwa zimezimwa. Mleta uzi, kabla hujaondoa njano yoyote, kuza picha hadi kwenye macho. Weupe wa macho ukiwa mweupe, rangi hiyo ni ya chumba. Ukiwa njano kwenye picha zote, za ndani na za nje, mpigie mama simu leo. Na mtoto aliye wa njano ndani ya saa 24 za kwanza, au njano imefika viganjani na nyayoni, au analala mno na hataki kunyonya, au choo chake ni cheupe, huyo anapelekwa hospitali palepale.

#9 Mwandiga_Kwetu
Asante dada. Nimekuza: picha za nje weupe wa macho ni mweupe. Za ndani una ukijani kidogo, jicho la upande wa ukuta tu.

#10 NesiKasulu
Vizuri. Basi endeleeni na kuta zenu.

#11 MzeeWaStudio
Vijana, hili ni la zamani kuliko hizo kamera zenu. Enzi za filamu, maabara zilipanga rangi za kusafishia picha kwa kadi ya mfano iliyokuwa na mwanamke mweupe. Kodak waliita kadi ya Shirley, toka miaka ya 1950. Mashine ikishapangwa kwa ngozi ile, ngozi yetu ilitoka giza tupu, meno na macho tu ndiyo yanaonekana. Inajulikana pia kwamba malalamiko ya watengeneza samani na chokoleti, waliotaka rangi za kahawia zitofautiane, yalichangia filamu kuboreshwa. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Kamera za leo zimerithi mawazo yaleyale. Oto ya waiti balansi na mapambo ya ndani ya kamera yanaisukuma ngozi kwenda pasipo petu.

#12 FundiLensi_Tabora
Mzee shikamoo. Historia ni sahihi, ila kwenye filamu kemikali yenyewe ndiyo ilikuwa na upendeleo. Kihisio cha dijitali kinahesabu mwanga tu, hakijui ngozi ya nani. Upendeleo uko kwenye hatua ya pili: kamera inapoamua mwanga na rangi, na inapotengeneza JPEG. Ukipiga RAW, faili ghafi ambalo kamera haijalitengeneza, hatua hiyo unaifanya mwenyewe. Faili la RAW la 1300D ni kama MB 25, kadi ya GB 32 inachukua zaidi ya 1,200. Zinatosha arobaini nzima na pilau yake.

#13 MzeeWaStudio
Marahaba. Na programu unayofungulia hiyo RAW, rangi zake za kuanzia alizipanga nani? Hatua ya pili imehama tu. Hata Google walipotangaza Real Tone, mfumo wao wa kuitoa vizuri ngozi nyeusi, kwenye simu ya Pixel 6 mwaka 2021, walikuwa wanakiri tatizo lipo ndani ya kamera za dijitali pia.

#14 Hamsini_Hz
Wote mmeruka jambo moja. Ile enaji seva. Umeme wetu ni Hz 50, kwa hiyo taa za bei rahisi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Macho hayaoni. Ukipiga 1/250 unakata kipande tu cha mpepeso: fremu moja inatoka ya kahawia, inayofuata ya kijani, nyingine ina ukanda wa giza unaokata picha katikati. Mleta uzi, je, rangi inabadilika kati ya fremu mbili zilizofuatana, mtoto hajasogea? Kama ndiyo, ni taa. Weka shata 1/50 au 1/100 ndipo unapata mpepeso mzima.

Jaribio la nyumbani: elekeza kamera ukuta mweupe unaoangazwa na taa hiyo peke yake usiku, waiti balansi ya kudumu, si oto, piga fremu 10 kwa 1/500, kisha 10 kwa 1/100. Zilinganishe.

#15 Mwandiga_Kwetu
Zinabadilika, ndiyo. Kati ya fremu 6 za mfululizo 2 zina ukijani zaidi. Lakini nilipiga kwa 1/60.

#16 Hamsini_Hz
Kwa 1/60 mabadiliko huwa madogo, lakini hayaishi, maana mipepeso 100 haigawanyiki sawasawa kwa 60. Pia waiti balansi oto inaweza kuhama yenyewe fremu kwa fremu mkono wa mama ukiingia kwenye picha. Huwezi kujua ni ipi mpaka uzime oto.

#17 BatiJekundu
Sasa tumsaidie azime oto. Hatua za Canon hiyo:
Zima taa zote. Weka karatasi nyeupe pale uso wa mtoto utakapokuwa. Piga karatasi ijae katikati ya fremu, isiungue wala isizame gizani. Lensi ikikataa kushika fokasi isukume kwenye MF (fokasi ya mkono). Ingia menyu, tafuta waiti balansi maalumu, chagua ile picha, kubali. Kisha kwenye waiti balansi chagua alama ya maalumu. Ukihama chumba, rudia. Wingu likiziba jua, rudia.

#18 TepuYaBomba
BatiJekundu, karatasi ya A4 si nyeupe ya kweli. Ina dawa ya kung'arisha inayogeuza mionzi ya urujuanimno kuwa bluu. Karibu na dirisha lililo wazi karatasi ina ubluu, kamera inaufidia, picha nzima inaenda njano. Shuka lililofuliwa kwa sabuni ya unga lina dawa hiyohiyo. Yaani anayekimbia njano anairudisha kwa mlango wa nyuma.

Nenda duka la vifaa vya ujenzi, nunua ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, wanayofunga kwenye nyuzi za koki. Zungushia kwenye kadi ngumu ya ukubwa wa kiganja, mikunjo 8 hadi 10 mpaka kadi isionekane. Hiyo plastiki yake, PTFE, inarudisha rangi zote karibu sawa, hata maabara hutumia kitu cha aina hiyo kama nyeupe ya kupimia. Iweke kwenye mfuko safi wa nailoni, isishikwe na mikono ya mafuta.

#19 Karabai
Fundi bomba na mpigapicha sasa duka moja. Ila hili nimelipenda, kesho naenda kuchukua tepu.

Halafu FundiLensi, umemwambia atumie mita ya nukta. 1300D haina mita ya nukta. Ina ya sehemu, inayopima karibu asilimia 10 katikati. Akipima kiganja asogee karibu mpaka kiganja kijaze hilo duara.

#20 FundiLensi_Tabora
Sahihi, asante kwa kunirekebisha. Wa mwisho wa reli wanajua.

#21 Pwani_Moja
Kwa nini mnajitesa ndani? Pigeni nje saa 12 kasoro jioni, mwanga wa dhahabu, ngozi zote zinapendeza.

#22 Katonga_Ziwani
Pwani_Moja, hiyo ni saa ya Dar. Saa yetu ya Afrika Mashariki imepangwa kwa longitudo 45, na Kigoma iko karibu 29.6. Kila nyuzi 1 ni dakika 4, kwa hiyo jua letu linafika utosini karibu saa 7 mchana, si saa 6, na liko nyuma ya Dar kwa dakika kama 38. Linazama kati ya saa 1 kasoro dakika 5 mwezi wa Novemba na karibu saa 1 na dakika 25 mwezi wa Februari. Saa 12 kasoro jua la Kigoma bado kali, mtoto atakunja uso. Dhahabu yetu ni kuanzia saa 12 na robo mpaka linapogusa milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Tabora wako katikati, utosini ni kama saa 6 na dakika 50.

Na mtoto wa siku 40 jioni kando ya ziwa kuna upepo na mbu. Asubuhi saa 2 hadi saa 3 ni bora: jua liko chini nyuma ya vilima, baraza za upande wa magharibi zina kivuli chepesi. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la saa 7 linasimama wima kabisa, mashimo ya macho yanakuwa meusi. Saa hizo kaa ndani.

#23 Neti_na_Ukuta
Na kijivu cha chini ya mwembe nacho kina sababu. Majani ya mwembe ni mazito, mwanga unaopita ni wa kijani, unaotoka pembeni ni wa anga la bluu. Katikati ya kivuli unapata vyote viwili. Msogeze mtoto ukingoni mwa kivuli, hatua 1 kabla ya jua, uso uelekee nje penye uwazi. Udongo mwekundu nao unarudisha wekundu chini ya kidevu. Tandika mkeka au shuka jeupe mbele yake.

#24 Reli1914
Nje ya mada kidogo: kuna familia zinaomba Liemba ionekane nyuma ya picha. Meli ya Wajerumani iliyotengenezwa hapa Kigoma 1915, heshima yake kubwa.

#25 Katonga_Ziwani
Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwa reli, ikaunganishwa hapa na kushushwa ziwani 1915. Jina Liemba ilipewa na Waingereza 1927. Kuhusu picha: bandarini omba ruhusa kwanza, usiingie na kamera na bibi arusi ukidhani ni ufukwe.

#26 AkikaUjiji
Turudi kwenye shughuli. Watu wanahangaika na uso wa mtoto halafu picha ya ukoo inatoka nusu ina ukungu. Kwa familia ya watu 25 mistari 3 weka f/11, la sivyo mstari wa nyuma unapotea. Na anza na wazee. Babu na bibi wapigwe kwanza kabla ya nywele kunyolewa, wakichoka hutawapata. Wembe wa kunyolea piga 1/250 kutoka upande, usisimame kwenye mwanga wa anayenyoa.

#27 FundiLensi_Tabora
f/11 ni nyingi mno kwa kivuli, ISO itapaa. Kwa kihisio cha 1300D, lensi ikiwa 35, umesimama mita 5, f/8, kila kitu kuanzia mita 3 hadi 13 kimeshika. Mistari 3 iliyoachana sentimita 60 inaingia bila taabu. Lenga mstari wa kati au wa mbele, usilenge wa nyuma. Usiende 18 kuwasogelea, wa pembeni watanenepa. Ila mtoto peke yake ni habari nyingine: 50 kwa f/1.8 ukiwa mita 1, kinachoshika ni sentimita 2 na nusu tu. Kope zimeshika, pua haimo. Tumia f/2.8 hadi f/4, nukta ya fokasi moja, iweke kwenye jicho lililo karibu nawe. Aliyelala 1/125, aliye macho 1/250.

#28 MamaPacha
Samahani, flashi haimharibii mtoto macho? Bibi zetu hawataki kabisa. Na wengine hawataki picha yoyote kabla ya arobaini.

#29 NesiKasulu
Flashi ya kawaida ikiwa mita 1 na zaidi haijulikani kumdhuru mtoto mchanga. Inamshtua tu, analia, picha imekwisha. Kuhusu kabla ya arobaini, ni uamuzi wa familia, usibishane na bibi. Kwa hesabu za picha arobaini ni siku nzuri: tabasamu la kumjibu mtu huanza karibu wiki ya 6 hadi ya 8. Kabla ya hapo anatabasamu usingizini tu. Anaona vizuri kitu kilicho sentimita 20 hadi 30, kwa hiyo mama ainamishe uso umbali huo, aongee naye, nawe upige pembeni.

Msimkalishe wala msimwegemeze kidevu kwenye mikono kama picha za mitandaoni. Zile ni picha 2 zilizounganishwa, mikono ya mtu inayoshika kichwa imefutwa. Shingo yake bado haijakaza. Akiwekwa kwenye kapu au ungo, mkono wa mama uwe sentimita chache tu kutoka kwake. Mpigapicha mwenye kikohozi asije.

#30 BatiJekundu
Nyongeza ya flashi: ushauri wa kuielekeza darini unafaa penye dari nyeupe. Nyumba ya bati bila dari inautawanya mwanga, na penye mbao unarudi wa kahawia. Tundika shuka jeupe ukutani nyuma yako, geuza kichwa cha flashi nyuma juu ya bega, anza na nguvu 1/4, f/4, ISO 400, shata isizidi 1/200. Flashi ndogo ya juu ya kamera haigeuki, iache.

#31 KaratasiYaPicha
Mnatafuta kosa kwenye kamera tu. Mleta uzi, hicho kijivu umekiona kwenye kioo cha kamera, kwenye simu, au kwenye picha iliyosafishwa? Adobe RGB na sRGB ni mipangilio miwili ya kuandika rangi: kamera ikiwekwa Adobe RGB na mashine ya kusafishia ikasoma kama sRGB, rangi zinapauka, na ngozi ndiyo ya kwanza. Weka sRGB. Simu nyingi pia zina modi ya urembo iliyowashwa tangu dukani: inang'arisha ngozi na kufuta malaika na nyusi. Huenda hapo ndipo malaika walipopotelea, si kwenye giza la FundiLensi. Na ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, la sivyo inabanwa.

Kusafisha: 4R (inchi 4 kwa 6) inahitaji pikseli 1200 kwa 1800. Inchi 8 kwa 12 inaingia yote. 8 kwa 10 inakata sehemu 1 ya 6 ya urefu, na wanaokatwa ni mashangazi wa pembeni. Acha nafasi.

#32 RuhusaKwanza
Mleta uzi kafanya vyema kwenye #5. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Kuitwa kupiga arobaini si ruhusa ya kumtangaza mtoto kwenye ukurasa wako. Andika karatasi fupi: jina la mzazi, picha zipi, ziwekwe wapi, sahihi, tarehe.

#33 Mwandiga_Kwetu
Nimerudi na majaribio, bila mtoto. Nimetumia chungu cha kahawia ndani ya shali nyeupe, kitanda kilekile. Taa imezimwa: njano imepungua nusu. Chandarua kimetolewa na shuka limetundikwa ukutani: ukijani umeisha. Fidia +1: chengachenga imepungua. Tepu ya bomba: shali imekuwa nyeupe kweli. Lakini kijivu cha sehemu ya juu bado kipo kidogo, kwenye kioo cha kamera kabisa, kwa hiyo si simu wala mashine ya kusafishia. Na chungu hakina poda.

#34 FundiLensi_Tabora
Histogramu, ile grafu ya giza kushoto na mwanga kulia, ilikaaje? Kama kilima cha chungu kiko kushoto ya robo ya kwanza, +1 haijatosha.

#35 Neti_na_Ukuta
Juu ya kitanda pana nini? Bati tupu? Kama kuna lile bati la plastiki la kuingiza mwanga, mara nyingi lina rangi ya bluu au kijani, linamwaga juu ya paji moja kwa moja.

#36 Mwandiga_Kwetu
Lipo moja, la bluu iliyopauka, karibu mita 1 kutoka usawa wa kichwa. Histogramu iko karibu na robo ya kwanza, kwa hiyo mnaweza kuwa sahihi wote wawili. Jumamosi nalifunika kwa gunia, nachukua fremu 10 kwa +1 na 10 kwa +1 na theluthi 2.

#37 MzeeWaStudio
Na 10 nyingine za RAW na JPEG pamoja, fremu ileile. Kijivu kikiwa kwenye JPEG peke yake, mje mniambie.